Uso Ulioshonwa Vibaya: Kabla Hujaishitaki Hospitali

Bodaboda imeingia ubavuni mwa lori, au ugomvi wa usiku umeishia kwa chupa, na uso ndio uliopokea pigo. Ukalazwa, ukapelekwa thieta, ukafungwa waya mdomoni wiki sita ukinywa uji kwa mrija. Waya umetolewa, na sasa meno ya juu na ya chini hayakutani, au mdomo wa chini umekufa ganzi, au jicho moja limezama kuliko lingine. Ndugu wanasema huo ni uzembe mtupu. Shemeji anamjua wakili. Huenda wana haki, lakini kabla hujamlipa wakili hata senti kuna kazi ya kufanya, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ni yako. Ninayoyaandika hapa yanahusu Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria na mahakama zake, kwa hiyo msomaji wa huko achukue ya kitabibu, ya kisheria akaulize kwao.

Shida ya kesi za uso ulioumia ni kwamba mgonjwa hakufika hospitali akiwa mzima. Aliyelazwa kwa upasuaji wa ngiri akatoka hawezi kunyanyua mguu, swali lake lina njia fupi: Jumatatu mguu ulikuwa unatembea, Jumatano hautembei. Wewe ulifika uso umevimba hata mama mzazi hakutambui, damu puani, meno yamelegea. Madhara uliyonayo leo yanaweza kuwa yametokana na pigo lenyewe. Au na athari inayojulikana ya upasuaji, ile inayompata mgonjwa hata akiwa mikononi mwa daktari hodari. Au na kosa ambalo daktari makini asingelifanya. Sheria inakulipa kwa hilo la mwisho peke yake. Wakili wa hospitali hatahangaika kuthibitisha kwamba mteja wake ni malaika. Atasema tu kwamba ni lori, na wewe ndiye utakayetakiwa kuonyesha kuwa si lori.

Tuchukue mdomo wa chini uliokufa ganzi, maana ni malalamiko ya kawaida na yanaonyesha vizuri kesi inavyosimama au kuanguka. Ndani ya mfupa wa taya la chini mna mfereji mwembamba unaopitisha mshipa wa fahamu, nao hutokeza nje karibu na kidevu na kuupa mdomo hisia zake. Taya likivunjika pale mfereji unapopita, mshipa huvutika au kukatika palepale barabarani. Kwa hiyo daktari anayekupokea anapaswa kugusa mdomo na kidevu, kulia na kushoto, na kuandika kama hisia zipo. Ukifungua faili ukakuta siku ya mapokezi imeandikwa kwamba mdomo una ganzi, kesi ya ganzi huna, tafuta kingine. Ukikuta imeandikwa hisia zipo, na baada ya kuwekewa vyuma zimepotea, basi upasuaji umehusika. Bado hujashinda, kwa sababu ganzi ni athari inayojulikana na mara nyingi hupungua yenyewe kadiri miezi inavyokwenda. Sasa itazame picha ya eksirei iliyopigwa baada ya upasuaji. Vile vyuma vidogo vya titani hushikwa kwa skrubu, na skrubu zina mahali pake. Iliyopita katikati ya mfereji huonekana, hata kwa mtu aliyeelekezwa mara moja tu. Hisia zilikuwepo, skrubu imepita njia ya mshipa, mgonjwa amelalamika kliniki na hakuna aliyerudi kuitazama picha: hapo kuna kesi. Na faili likiwa halisemi chochote kuhusu hisia, ukimya huo unawaumiza mgonjwa na daktari kwa pamoja, ingawa wakili mzuri ataugeuza kuwa swali: mmejuaje kuwa ni lori, kama hamkupima?

Jicho ndilo linalotisha zaidi. Baada ya pigo, au baada ya upasuaji wa mfupa wa shavu na tundu la jicho, damu inaweza kujikusanya nyuma ya jicho na kulibana. Maumivu yanakuwa makali, jicho linatokeza na kuwa gumu, uoni unafifia. Hapo muda wa kuokoa uoni huhesabiwa kwa dakika, na saa mbili ni nyingi. Ndiyo sababu muuguzi hukuamsha usiku, akakufungua kope na kukuuliza anakuonyesha vidole vingapi. Kero hiyo ya usiku ndiyo inayozaa karatasi utakayoihitaji: chati ya uangalizi yenye saa na sahihi. Kama uliita saa nane za usiku kwamba huoni, na daktari akafika na raundi ya asubuhi, mistari miwili ya chati hiyo ina uzito kuliko ndugu kumi watakaopanda kizimbani.

Kwa mtoto kuna mtego wake. Mfupa wake ni laini. Sakafu ya tundu la jicho hupasuka, hunasa msuli wa jicho, kisha hurudi mahali pake. Kwa nje jicho halina hata wekundu. Mtoto anatapika, mapigo ya moyo yanashuka, hawezi kutazama juu, na kila mtu anadhani ni kichwa. Anahitaji upasuaji ndani ya siku moja au mbili. Akikaa wodini wiki nzima akitibiwa kichwa, msuli unaweza kufa na akabaki akiona vitu viwili viwili.

Mara nyingi basi kisu hakijakosea popote. Kilichokosea ni kalenda. Damu iliyojikusanya kwenye ukuta wa katikati ya pua isipotolewa mapema, gegedu hufa na pua hubonyea. Mfupa wa shavu uliohama huanza kujishika vibaya ndani ya wiki mbili tatu, na baada ya hapo kuurudisha ni upasuaji mwingine mgumu zaidi. Mtoto aliyevunjika taya karibu na sikio akifungwa mdomo muda mrefu bila mazoezi, kiungo kinaweza kukaza asifungue tena kinywa. Andika kalenda yako: siku ya ajali, siku ya kupokelewa, siku ya picha ya CT, siku ya rufaa, siku ya thieta. Pembeni ya kila pengo andika sababu uliyopewa. Vifaa vimeisha, daktari bingwa yuko safari, hela hazijalipwa. Sababu hizo hazina uzito sawa. Hospitali ya wilaya haihukumiwi kwa kukosa daktari bingwa wa kinywa, taya na uso, kwani zilizo nao ni chache. Inaweza kuhukumiwa kwa kukushikilia siku kumi na mbili bila kuandika barua ya rufaa.

Kipimo kinachorejewa mara nyingi kimetoka Uingereza, kwenye kesi ya Bolam ya mwaka 1957: daktari hajafanya uzembe ikiwa alifuata utaratibu ambao madaktari wenzake wenye ujuzi wa fani ile wanaukubali. Mwaka 1997 kesi ya Bolitho ikaongeza kwamba utaratibu huo lazima uwe na mantiki; wataalamu kuukubali tu hakutoshi. Kwa lugha ya wodini: kama kuna njia mbili za kutibu taya, waya au vyuma, na daktari wako akachagua waya, huwezi kushinda kwa kuleta daktari mwingine anayependa vyuma. Kovu likifanya keloidi, hilo peke yake si uzembe. Usaha nao si uzembe, hasa kama mstari wa mvunjiko ulipita kwenye jino lililooza. Kuna makosa yasiyohitaji kubishaniwa sana, kama lile la mwaka 2007 katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, ambapo wagonjwa wawili walibadilishwa: mwenye tatizo la kichwa akapasuliwa goti, mwenye tatizo la goti akapasuliwa kichwa. Ya uso ni mara chache kuwa wazi namna hiyo.

Na fomu ya ridhaa? Watu wengi wanaamini kwamba ukishasaini, umejifunga. Sivyo. Sahihi yako ni ruhusa ya kupasuliwa. Ruhusa ya kupasuliwa kizembe haimo. Isome upya hata hivyo, kwa sababu inaweza kukusaidia. Imeandikwa athari gani? Nani alikueleza, na kwa lugha gani? Ulisaini saa ngapi, kabla au baada ya kudungwa dawa ya kutuliza? Mahakama ya juu ya Uingereza, katika kesi ya Montgomery ya 2015, ilisema daktari anapaswa kumweleza mgonjwa hatari ambazo mtu wa hali yake angezijali. Hukumu hiyo haizifungi mahakama zetu, ila wakili anaweza kuitumia kushawishi. Mwalimu au mtangazaji anayeishi kwa kinywa chake alistahili kuambiwa kuhusu ganzi ya mdomo.

Sasa ushahidi, na hapa usione uvivu. Kama ulipata ajali barabarani au ulipigwa, polisi walikupa PF3, na daktari akajaza majeraha yako. Watu huiona ni karatasi ya kupitia geti la hospitali. Kwako ni maelezo ya uso wako kabla ya thieta, yaliyoandikwa na mtu asiyejua kwamba kutakuwa na kesi. Tafuta nakala yake. Tafuta pia picha zako za zamani ukicheka, za harusi au mahafali, zinazoonyesha meno yalivyokutana na macho yalivyokaa. Picha za sasa zipige ukiangalia mbele, pembeni, ukifungua kinywa, ukifumba macho, kwenye mwanga uleule, kila mwezi. Mafaili halisi yaache kwenye simu iliyopiga na uhifadhi nakala kwingine. Picha iliyozunguka WhatsApp hupunguzwa ubora na kupoteza taarifa zake za tarehe, na chini ya Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 mahakama hutazama kama ushahidi wa aina hiyo umetunzwa namna ya kuaminika.

Faili la hospitali liombe kwa barua kwa Mganga Mfawidhi. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa na urudi nayo. Usiombe "ripoti" peke yake, kwani ripoti ni muhtasari ulioandikwa baadaye na mtu anayejua kwa nini unaiomba. Taja vitu kimoja kimoja: ukurasa wa mapokezi, maelezo ya upasuaji, karatasi ya dawa ya usingizi, chati za wauguzi, fomu ya ridhaa, barua ya rufaa, na picha za eksirei na CT kwenye diski. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakupa haki ya kuzifikia taarifa zako. Itaje kwenye barua. Wakigoma, muhuri ule utamsaidia wakili kuiomba mahakama iamuru faili liletwe.

Mtaalamu wa kukutolea ushahidi ndiye atakayekusumbua. Madaktari bingwa wa fani hii nchini ni wachache, na wengi wamefundishana. Kumwomba mmoja asimame amseme mwenzake ni kumwomba jambo zito, na sishangai wakikataa. Njia yenye adabu zaidi, na mara nyingi yenye nguvu zaidi, ni kupitia daktari wa pili, yule atakayekurekebisha. Mwombe aandike alichokikuta: mfupa ulikuwa umeshikana upande gani, skrubu ngapi zilikuwa zimelegea, msuli ulikuwa umenasa wapi. Hamlaumu mtu, anaeleza alichokiona kwa macho yake. Ndiyo maana kuharakisha upasuaji wa pili kabla ya kupata picha na nakala za wa kwanza kunaweza kufuta ushahidi wako. Isipokuwa jicho au njia ya hewa iko hatarini. Hapo kesi isubiri.

Jiandae pia kuulizwa yako. Ulihudhuria kliniki zote? Ulikata waya nyumbani kwa sababu ya sherehe ukala nyama? Uliendelea kuvuta sigara? Mgonjwa aliyefungwa waya huelekezwa kula vimiminika, kusafisha kinywa kila baada ya chakula, na kuwa na koleo la kukatia waya karibu endapo atatapika. Kama hukupewa koleo wala maelekezo, hilo liandike upande wa hospitali. Kama ulipewa ukapuuza, mwambie wakili wako siku ya kwanza, asije akalisikia kwa mara ya kwanza kutoka kwa upande wa pili.

Milango ya kubisha ni zaidi ya mmoja. Malalamiko kwa uongozi wa hospitali ni ya haraka na wakati mwingine hutosha: unarudishwa thieta bila malipo, kwa daktari mwingine. Usikidharau kitu hicho. Baraza la Madaktari Tanganyika hushughulikia nidhamu. Linaweza kumwonya daktari, kumsimamisha au kumfuta kwenye daftari, ila fidia hutaipata kwao. Polisi nao wana njia, kwani Kanuni ya Adhabu inataja matibabu ya kizembe kama kosa la jinai, lakini kumfunga daktari hakukulipii meno. Na usimwanike Instagram kwa jina. Utajikuta mdaiwa kabla hujawa mdai.

Fidia iko mahakamani, na mahakama ina saa yake. Madai ya uzembe yana ukomo wa miaka 3. Ya mkataba yana miaka 6, lakini usijitulize kwa hilo. Kesi yako karibu hakika itatazamwa kama ya uzembe. Kwa mtoto, muda huanza kuhesabiwa akitimiza miaka 18. Waziri mwenye dhamana ya sheria anaweza kuongeza muda, usiozidi nusu ya ule wa awali, ila huo ni mlango wa dharura na haufai kupangiwa safari.

Kisha uliza hospitali ni ya nani. Ikiwa ni ya serikali au halmashauri, lazima utoe notisi ya siku 90 ukieleza madai yako, nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Zikiisha, kesi hufunguliwa Mahakama Kuu naye Mwanasheria Mkuu akiunganishwa. Ukimsahau, kesi inakufa kwa pingamizi kabla jina la mgonjwa halijatajwa. Hizo siku 90 zihesabu ndani ya miaka mitatu yako, usisubiri mwezi wa thelathini na tano. Panapochanganya ni hospitali teule ya wilaya: jengo ni la kanisa, dawa na mishahara ya baadhi ya watumishi ni ya serikali. Mwambie wakili atafute usajili na aliyemwajiri daktari kabla ya kuandika jina la mdaiwa. Kwa kawaida hushitakiwa hospitali kwa makosa ya watumishi wake, jambo lililotiwa nguvu na kesi ya Cassidy ya Uingereza mwaka 1951, ya mgonjwa aliyekwenda kutibiwa vidole viwili vilivyokaza akatoka na vinne.

Kwa hospitali binafsi unaweza kuanzia mahakama za chini, na hapa kuna mtego unaowanasa hata mawakili. Mahakama ya kwenda huamuliwa na hasara mahususi, zile zinazohesabika. Fidia ya jumla ya maumivu na fedheha haihesabiwi, hata uandike mabilioni. Na hasara mahususi lazima itajwe moja moja na kuthibitishwa kikamilifu. Mahakama ya Rufani ilishalisema hilo katika kesi ya Zuberi Augustino dhidi ya Anicet Mugabe. Maana yake ni risiti. Nauli ya basi kutoka Singida, dawa, picha ya CT, siku ulizokosa kibaruani, mrija na blenda. Risiti ya EFD hufifia wino ndani ya miezi. Itoe kopi leo.

Usichanganye madai haya na yale ya ajali. Bima ya gari lililokugonga inawajibika kwa pigo. Kama uliumia ukiwa kazini, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi nao una sehemu yake. Kampuni ya bima itakuletea hati ya kumaliza madai na hundi mkononi. Soma kama inafuta madai "yote yanayotokana na ajali", maana wakili wa hospitali anaweza kuichukua hati hiyohiyo na kudai kwamba ulishalipwa uso mzima.

Kama huna uwezo, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 imeweka watoa huduma waliosajiliwa, na wasaidizi wa kisheria wapo hadi ngazi za chini. Waulize mapema, kwa sababu anayeshindwa kwa kawaida hulipa gharama za upande wa pili.

Kesi ikishafunguliwa, mahakama itawapeleka kwanza kwenye usuluhishi, na si vibaya ukienda na nia ya kumaliza pale. Nenda na hesabu ya matibabu yajayo iliyoandikwa na daktari wa pili: kuvunja na kuunga taya upya, meno ya bandia, miezi ya mazoezi ya kinywa. Hospitali zingine hukubali kulipa hayo kwa siri ili kulinda jina. Kabla ya kusaini, tazama hati inasemaje kuhusu vyuma vilivyobaki usoni, kwani vingine huja kutoboa fizi au kupata usaha miaka baadaye, na gharama ya kuvitoa lazima iwe na jina la mlipaji.